Nakisi huzaliwa siku ya saini

Kila bajeti ya serikali inapoelemewa, kilio ni kilekile: punguzeni safari, futeni semina, uzeni magari. Kilio hicho kina haki yake. Hakuna anayefurahi kumwona mkubwa akipanda ndege daraja la kwanza wakati mzabuni ana miezi minane hajalipwa. Ila ukishika kalamu na kupiga hesabu, utaona wanaoishia hapo wanakimbiza kivuli.

Chukua serikali inayokusanya 100 kwa mwaka na kutumia 118. Zihesabu kwa bilioni za fedha yoyote uipendayo. Katika zile 118, riba ya deni inakula 22. Mishahara na pensheni, 45. Ruzuku na migawo ambayo sheria imekwisha kuielekeza kwa serikali za ngazi ya chini na mifuko maalumu, 20. Uendeshaji, yaani dawa, mafuta ya magari, umeme, karatasi na hizo safari zenyewe, 13. Miradi ya maendeleo, 18. Nakisi, yaani matumizi yaliyozidi mapato, basi ni 18. Safari na semina, tuseme ni 2 ndani ya zile 13. Zikate nusu, nakisi inashuka kutoka 18 hadi 17. Zifute kabisa, inafika 16, na sasa hakuna mkaguzi wa kwenda kuona kama barabara iliyolipiwa imejengwa kweli.

Fedha nyingi zilizobaki hazikuamuliwa mwaka huu. Riba iliamuliwa siku hati fungani, yaani hati za mkopo wa serikali, zilipouzwa, nyingine miaka 10 iliyopita. Mshahara uliamuliwa siku mtumishi alipokabidhiwa barua ya ajira, na pensheni yake ikaamuliwa siku hiyohiyo, ingawa atakayeilipa ni waziri ambaye leo bado yuko darasani. Jumlisha riba, mishahara, pensheni na migawo ya kisheria: katika kila 100 inayokusanywa, 87 ina mwenyewe kabla mjadala wa bajeti haujafunguliwa. Nchi tajiri nazo ziko hivyo. Marekani, takriban robo tatu ya matumizi ya serikali kuu huenda kwenye riba na kwenye mafao ambayo sheria imeshasema nani anastahili na kiasi gani. Robo iliyobaki, pamoja na ulinzi, ndiyo Bunge lao linaipigia kura kila mwaka, na ndiyo wanaigombania hadi kufunga ofisi.

Kwa hiyo nakisi haizaliwi siku ya hotuba ya bajeti. Huzaliwa siku ya saini: saini ya mkataba, ya barua ya ajira, ya sheria ya mafao, ya dhamana kwa shirika la umma. Anayetaka kuidhibiti aende akaikute huko.

Pengo la mwaka na lundo la miaka

Nakisi ni pengo la mwaka mmoja. Deni ni lundo la mapengo ya miaka yote. Serikali yetu ya mfano ina deni la 275 kwa riba ya wastani ya asilimia 8, ndiyo maana inalipa 22. Pato la Taifa likiwa 500, nakisi ni asilimia 3.6 ya pato hilo na deni ni asilimia 55. Ukiondoa riba, serikali hiyo inatumia 96 na kukusanya 100: salio lake la msingi ni ziada ya 4. Waliopo leo wanaishi ndani ya uwezo wao, na nakisi yote ni bili ya jana.

Mwaka unaofuata deni litakuwa 293. Kama Pato la Taifa kwa bei za wakati huo limekua kwa asilimia 8 na kufika 540, deni limeshuka hadi asilimia 54.3, japo serikali imekopa tena 18. Kama limekua kwa asilimia 4 tu na kufika 520, deni limepanda hadi asilimia 56.3. Nakisi ni ileile, mkopo ni uleule, njia mbili tofauti. Ndiyo sababu kuuliza "nakisi ni asilimia ngapi" bila kuuliza uchumi unakua kwa kasi gani hakukufikishi popote. Vipimo maarufu vya Mkataba wa Maastricht wa 1992, ulioanzisha Umoja wa Ulaya, nakisi isizidi asilimia 3 na deni lisizidi asilimia 60 ya Pato la Taifa, vinashikana kwa hesabu hii hii: deni la asilimia 60 katika uchumi unaokua kwa asilimia 5, bei na uzalishaji pamoja, husimama palepale nakisi ikiwa asilimia 3 hivi. Ukuaji ukiwa asilimia 3, nakisi inayolisimamisha deni hilo ni kama asilimia 1.8 tu. Watu wamekariri 3 wakasahau 5.

Husemwa dawa ya deni ni kulipa. Kwa serikali sivyo hasa. Serikali hukopa jipya ili kulipa la zamani, mwaka baada ya mwaka, na hilo si dhambi. Hatari yake iko kwenye bei ya siku ya kukopa upya. Nusu ya deni la 275 ikiiva mwaka ambao soko linataka asilimia 12 badala ya 8, riba inaongezeka kwa 5.5. Hiyo ni karibu mara tatu ya bajeti nzima ya safari na semina, na hakuna aliyeipigia kura.

Anayekopa kwa hati za muda mfupi, za siku 91 na siku 364, huupata mshtuko huo ndani ya mwaka. Anayekopa kwa hati za miaka 15 au 20 hulipa ghali zaidi mwanzoni, lakini mshtuko humfikia polepole. Uingereza ina deni la muda mrefu kuliko nchi nyingi tajiri, ila kama robo yake hupanda pamoja na mfumuko wa bei. Bei zilipopaa 2022, ngao ya muda mrefu haikusaidia robo hiyo, na bili ya riba ya mwaka wa fedha 2022/23 ikapita pauni bilioni 100. Marekani, katika mwaka wa fedha 2024, riba ilizidi matumizi ya ulinzi.

Mlinzi amesimama mlango gani

Fuata fedha moja kutoka bungeni hadi kwa mzabuni. Bunge linaidhinisha fungu. Hazina inatoa kibali cha mwezi au robo mwaka. Ofisi inatoa oda au inasaini mkataba. Mali inapokelewa na kukaguliwa. Ankara inaletwa. Hati ya malipo inaandaliwa. Fedha zinatoka benki.

Hazina nyingi humweka mlinzi kwenye mlango wa mwisho. Kamati ya fedha inakaa kila wiki, inatazama salio la akaunti, inagawa kilichopo. Kwa nje inaonekana kubana matumizi kwelikweli. Lakini deni lilishazaliwa milango minne nyuma. Mali imepokelewa, mzabuni ana karatasi yenye muhuri, na kumnyima malipo kumebadilisha tu jina la nakisi: sasa inaitwa malimbikizo. Kwa nchi inayopima nakisi kwa fedha zilizotoka, mwaka huo utaonekana mzuri. Bili ipo, imelala kabatini.

Na haikai bure. Mzabuni anayelipwa baada ya miezi minane, naye amekopa benki kwa asilimia 18 kwa mwaka, amebeba gharama ya asilimia 12 juu ya bei. Mwakani ataiweka kwenye zabuni. Wasio na uwezo wa kusubiri wataacha kushindana, watabaki wachache wenye mifuko mirefu au wenye jamaa kwenye kamati ya fedha. Serikali inayochelewesha malipo kwa kubana matumizi hununua kila kitu ghali.

Mlango sahihi ni wa oda. Kasma, yaani kifungu cha bajeti, ikiwa na 10 na oda ya 4 ikaandikwa, mfumo unazifungia zile 4 papo hapo na kuonyesha salio la 6, hata kama mali itafika baada ya miezi mitatu. Oda ya 7 inakataliwa kabla haijachapwa. Kwenye karatasi hakuna kilicho rahisi zaidi. Vikwazo viko vinne, na kila mhasibu wa serikali anavijua.

Cha kwanza ni oda za mkono. Ofisi inaagiza kwa barua au kwa simu, kisha inaingiza oda kwenye mfumo siku ankara inapofika. Alama yake haifichiki: pangilia tarehe za oda na za ankara, na zinapolingana, au oda ikawa nyuma ya ankara, umeshawapata. Dawa ni kanuni kwamba oda isiyo na namba ya mfumo haimfungi mlipaji, pamoja na njia ya mzabuni kuihakiki namba hiyo kwa simu kabla ya kupakia mzigo. Kanuni ya namna hii hufa siku ya kwanza anapolipwa mmoja "kwa huruma".

Cha pili ndicho kinachoua, nacho ni mikataba ya miaka mingi. Wizara ina 10 kwa mwaka kwa ajili ya barabara. Inasaini mikataba mitano ya 20 kila mmoja, ya miaka minne. Mwaka wa kwanza inalipa malipo ya awali ya asilimia 10, yaani 2 kwa kila mkandarasi, jumla 10. Bajeti imekaa sawa, mawe ya msingi yamewekwa mahali patano, picha zimepigwa. Zilizobaki ni 90 kwa miaka mitatu: 30 kila mwaka, kwenye kasma ya 10. Kuanzia hapo wakandarasi wanadai, riba ya kucheleweshwa inaanza kuhesabika kwa mujibu wa mkataba, mitambo inalala, na barabara ambayo ingemalizika kwa 20 inamalizika kwa 27 au haimaliziki. Mfumo haukulalamika kwa sababu uliangalia mwaka mmoja tu. Kinachotakiwa ni rejesta ya mikataba yote yenye kiasi kilichobaki kwa kila mwaka ujao, ukomo wa jumla kwa kila wizara, na saini ya Hazina kabla ya saini ya waziri mwenye mradi. Bila rejesta hiyo, mazungumzo yote ya nidhamu ya bajeti ni maneno matupu.

Cha tatu ni umeme na maji. Huduma hizi hazina oda, kwa hiyo hazina mlango. Ofisi inajua hospitali na kambi hazitakatiwa umeme, basi inapunguza kasma hiyo kwenye makadirio na kuhamishia fedha kwingine. Shirika la umeme linabaki likidai, linashindwa kulipa mikopo yake, na mikopo hiyo ina dhamana ya serikali. Mzunguko umerudi Hazina kwa mlango wa nyuma. Hapa mita ya malipo kabla ya matumizi imefanya kazi kubwa kuliko nyaraka nyingi za nidhamu ya fedha.

Cha nne ni mishahara. Watumishi hewa hupatikana kwa kulinganisha orodha ya malipo na ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na namba za akaunti za benki, na ni vizuri kuwaondoa, ila faida yake ni ya mara moja. Kinachoipandisha bili kila mwaka ni nyongeza ya hatua: asilimia 3 juu ya 45 ni 1.35 bila kuajiri hata mtu mmoja. Halafu kuna posho. Posho huanzishwa kwa waraka wa ukurasa mmoja wakati wa mgomo, na hakuna waraka uliowahi kuwa rahisi kuufuta.

Kuhusu malimbikizo yaliyokwisha kulundikana, utaratibu unajulikana. Yaorodheshwe kwa umri: chini ya siku 30, hadi 60, hadi 90, zaidi ya 90. Yahakikiwe moja moja, kwa sababu lundo la madeni ya zamani huvutia ankara za kughushi. Kisha yalipwe kwa mpango uliotangazwa, ya zamani na madogo kwanza, tangazo likibandikwa hadharani ili asiwepo wa kuruka foleni. Na mlango wa oda ufungwe kwanza. Nchi ikilipa lundo kabla ya kuziba tundu, baada ya miaka miwili mitatu lundo limerudi.

Makisio matamu

Chanzo kingine cha nakisi ni makisio ya mapato yanayopikwa kwa matumaini. Waziri ana maombi ya 118 na mapato ya kweli ya 92. Badala ya kugombana na mawaziri wenzake anaandika mapato 100, na ugomvi unaahirishwa.

Sasa angalia muda. Fedha zinazoweza kukatwa katikati ya mwaka ni uendeshaji na maendeleo tu, 13 na 18, jumla 31. Pengo la 8 likikubaliwa mwishoni mwa robo ya kwanza, bado kuna kama 23 hazijatumika. Kukata 8 humo kunauma lakini kunawezekana. Likikubaliwa mwishoni mwa robo ya tatu, zimebaki 7.75. Ukizifuta zote, hospitali zikakaa bila dawa na kila mradi ukasimama, bado hujafika 8. Waziri anayesubiri hadi robo ya tatu hajaacha uamuzi kwa mtu mwingine. Ameshaamua kukopa au kulimbikiza.

Ndiyo maana nchi kadhaa zimewanyang'anya mawaziri wa fedha kalamu ya makisio, au zimeweka jicho la pili. Marekani ina ofisi ya bajeti ya Bunge tangu 1974, Uingereza ina ofisi huru ya makisio tangu 2010. Septemba 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45 kwa mwaka, bila kuonyesha litagharimiwa na nini na bila kuchapisha makisio ya ofisi hiyo. Riba za hati fungani zilipaa ndani ya siku chache, Benki Kuu ikalazimika kuingia sokoni kununua hati tarehe 28 Septemba, na sehemu kubwa ya punguzo ikafutwa. Jicho la pili halizuii kosa, ila kulifumba kuna bei yake.

Mfuko wa wote

Kwa nini watu wenye akili, wanaoyajua haya yote, bado wanasaini? Sababu moja ni hesabu ya mfuko wa pamoja. Tuseme kuna wizara 20 na kila moja inaleta mradi wa 10 unaowafaidia watu wake kwa 4. Kwa taifa ni hasara ya 6. Kwa waziri husika, gharama inayowaangukia watu wake ni sehemu moja ya ishirini, yaani 0.5, na faida ni 4. Atautetea kwa moyo wote. Wakikubaliana ishirini hao kutoangushiana miradi, taifa limelipa 200 kupata 80, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa upande wake. Kuwaita wezi ni kukosea shabaha.

Dawa iliyoonekana kufanya kazi ni kupanga kuanzia juu: jumla iamuliwe kwanza, miradi baadaye. Uswidi ilifika hapo kwa maumivu. Mwaka 1993 nakisi yake ilipita asilimia 10 ya Pato la Taifa. Kuanzia bajeti ya 1997 utaratibu ulibadilika. Bunge huweka ukomo wa matumizi miaka mitatu mbele kwa kiasi cha fedha kilichotajwa, si kwa asilimia inayoweza kunyooshwa. Bajeti imegawanywa katika maeneo 27, na Bunge hupiga kura moja juu ya ukubwa wa yote 27 kabla ya kugusa kilichomo. Baadaye, anayetaka kuongeza kasma ndani ya eneo lazima aonyeshe kasma ya eneo hilohilo atakayoipunguza. Mapato yakizidi makisio, ukomo hausogei. Hata huko ujanja haukukosekana: miaka ya mwanzo ya 2000 ruzuku kadhaa zilipitishwa upande wa mapato zikiitwa nafuu ya kodi, ili zisihesabike chini ya ukomo. Misamaha ya kodi ni matumizi yaliyovaa nguo nyingine, na nchi isiyochapisha jedwali la misamaha kila mwaka ina bajeti ya pili isiyosomwa na mtu.

Kukata bila kujua unachokata

Agizo linalopendwa kuliko yote ni la kila wizara kupunguza asilimia 10. Linaonekana la haki, halina mjadala, na ni baya. Wizara iliyojaza maji kwenye bajeti yake inayamwaga maji. Iliyokuwa mkweli inakata nyama. Mwakani wote watajaza maji.

Matengenezo ndiyo hukatwa kwanza kwa sababu barabara haigomi. Lami isiyozibwa nyufa kwa wakati huingiza maji chini, tabaka la msingi linalegea, na kilichohitaji kiraka kinahitaji kujengwa upya kwa gharama ya mara kadhaa. Ni mkopo kama mikopo mingine, ila hauandikwi kwenye deni la taifa.

Kusimamisha ajira nako kuna tabia zake. Wanaoondoka ni wale wanaotakiwa kwingine, wenye ujuzi. Pengo linatokea penye uhitaji na si penye wingi. Baada ya mwaka ofisi zinaanza kuajiri vibarua na washauri kupitia kasma ya huduma, kwa bei kubwa zaidi. Bili ya mishahara imeshuka kwenye jedwali moja na kupanda kwenye jingine.

Halafu kuna mbio za mwisho wa mwaka. Fedha isiyotumika ikirudi Hazina, na kasma ikapunguzwa mwakani kwa kuwa "hamkuihitaji", hakuna mkuu wa idara atakayeiacha. Uchunguzi wa manunuzi ya serikali kuu ya Marekani ulikuta wiki ya mwisho ya mwaka wa fedha ina matumizi kama mara tano ya wiki ya kawaida, na miradi ya kompyuta iliyonunuliwa wiki hiyo ilikuwa na ubora wa chini. Kuruhusu idara kuvuka na sehemu ndogo ya salio, tuseme asilimia 3 hadi 5 ya uendeshaji, huokoa fedha zaidi ya ukali wa kuzirudisha zote.

Kukata kunakofaulu huanza na swali la kama kazi yenyewe inahitajika. Kanada, katika mapitio ya 1994 hadi 1995, kila programu ilipimwa kwa maswali sita: inahudumia maslahi ya umma? ni kazi ya serikali? ni ya serikali kuu au ya majimbo? inaweza kufanywa na wengine? inaweza kufanywa kwa ufanisi zaidi? na mwisho, tunaimudu? Matokeo hayakulingana hata kidogo. Wizara ya uchukuzi ilipoteza karibu nusu ya bajeti yake, nyingine ziliguswa kidogo tu. Kufikia 1997/98 nakisi ilikuwa imekwisha. Ni haki kuongeza kwamba sehemu ya mzigo ilisukumiwa majimbo kwa kupunguziwa ruzuku, kwamba riba zilishuka, na kwamba jirani yao Marekani alikuwa akinunua kwa wingi. Wanaoitaja Kanada kama muujiza wa makasi peke yake wanaruka nusu ya habari.

Sheria za namba

Je, tuandike sheria kwamba nakisi ni marufuku? Marekani ilijaribu. Sheria ya Gramm-Rudman-Hollings ya 1985 iliweka shabaha za nakisi zinazoshuka hadi sifuri mwaka 1991, na mkato wa lazima kama zikikosekana. Shabaha zilikosekana. Kasoro ilikuwa kwenye kipimo: iliangaliwa nakisi inayotarajiwa mwanzoni mwa mwaka, si iliyotokea. Basi makisio yakapambwa, na siku za kulipa mishahara ya wanajeshi zikasogezwa kuvuka mpaka wa mwaka wa fedha. Mwaka 1990 waliachana na shabaha ya nakisi wakaweka vitu wanavyovishika mkononi: ukomo wa kasma zinazopigiwa kura, na kanuni kwamba fao jipya au punguzo la kodi lazima lije na chanzo chake cha fedha. Waliacha kupambana na nakisi wakapambana na saini. Ziada ya 1998 hadi 2001 ilitokana kwa sehemu na hilo, na kwa sehemu na mapato mengi ya kodi wakati soko la hisa likipaa.

Ulaya nayo ilionyesha nini hutokea sheria inapokutana na wakubwa. Novemba 2003 Ujerumani na Ufaransa zilikuwa zimevuka asilimia 3, na mawaziri wa fedha wa Umoja wa Ulaya wakasimamisha hatua dhidi yao. Ujerumani baadaye ilijifunga yenyewe kwa katiba, 2009, kwamba nakisi ya serikali kuu, baada ya kuondoa athari za mzunguko wa uchumi, isizidi asilimia 0.35 ya Pato la Taifa. Novemba 2023 mahakama yao ya katiba ilibatilisha kuhamishwa kwa kibali cha kukopa euro bilioni 60 kutoka janga la korona kwenda mfuko wa tabianchi, na Machi 2025 katiba ikarekebishwa kutoa nafasi kwa ulinzi na miundombinu.

Tundu kubwa kuliko yote liko nje ya bajeti. Dhamana kwa shirika la umma haigusi nakisi siku inaposainiwa. Msumbiji, 2013 na 2014, mikopo ya takriban dola bilioni 2 kwa kampuni tatu zenye mkono wa serikali ilipewa dhamana, na sehemu kubwa yake ilifichwa kwa Bunge na kwa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Ilipofichuka 2016, wafadhili walisimamisha misaada ya bajeti, na mwanzoni mwa 2017 nchi ikashindwa kulipa. Kila dhamana ingepaswa kuingia bajeti siku ya saini kwa hasara inayotarajiwa: dhamana ya 10 kwa shirika lenye uwezekano wa kuanguka wa asilimia 30 ni matumizi ya 3, leo.

Lipo jambo moja linalowaponyoka wapenda makasi. Uchumi ukianguka, mapato hushuka na mahitaji hupanda, na nakisi hupanuka yenyewe. Kukata wakati huo huuangusha uchumi zaidi, na uwiano wa deni unaweza kupanda kwa kuwa pato limepungua. Chile ililipatia jibu kwa kanuni ya 2001: matumizi hupangwa kwa mapato ambayo yangepatikana kama shaba ingekuwa na bei yake ya muda mrefu na uchumi uko katika hali ya kawaida. Bei ilipokuwa juu katikati ya miaka ya 2000, ziada iliwekwa akiba, na 2009 ikatumika. Ugumu wake si hesabu. Ni kuketi juu ya fedha miaka mitatu huku kila mtu akiziona.

Ukitaka kuisoma bajeti ya nchi yoyote kwa macho haya, iache hotuba. Fungua ripoti ya utekelezaji ya mwaka uliopita, uweke mapato yaliyokisiwa na yaliyopatikana bega kwa bega kwa miaka mitano. Yakikosekana upande mmoja kila mwaka, hayo si makosa ya hesabu. Tafuta jedwali la mikataba ya miaka mingi, uligawe deni lililobaki kwa kasma ya mwaka. Tafuta orodha ya dhamana. Tafuta malimbikizo na umri wake. Pasipo na jedwali la malimbikizo, ripoti ya mkaguzi mkuu huwa na aya juu ya ankara zilizolipwa kwa fungu la mwaka uliofuata, kwa kawaida mbali sana na muhtasari, na hapo ndipo pa kuanzia.